Alimpata, alimkuta, au alionyeshwa?

Mtu akiitaja Ujiji mbele ya mgeni, habari huanza na salamu. Stanley anavua kofia, anamkabili mzungu mzee mwenye ndevu za mvi, anamwambia kwamba anadhani yeye ndiye Dokta Livingstone. Wasomi wameibishania salamu hiyo miaka mingi. Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley katika kitabu cha mwaka 2007, anaona huenda haikutamkwa kabisa, maana kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu dakika zile zimechanwa. Mimi salamu hainisumbui. Kinachonisumbua kimeandikwa juu ya jalada. Kitabu ambacho Stanley alikitoa London mwaka 1872 kinaitwa How I Found Livingstone, na neno la tatu la jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko salamu yote. Salamu inachekwa, inaigizwa, inachapwa kwenye fulana. Neno found linaaminiwa tu.

Nimekisoma kitabu hiki zaidi ya mara moja, na kila nikikisoma naona kwamba kurasa za ndani hazikubaliani na jalada. Ndani mna ushahidi wa jambo moja, nje pametajwa jambo lingine. Msomaji wa Kiingereza anaweza kupita bila kujikwaa, kwa kuwa kitenzi find kinabeba mizigo ya kila aina bila kuuliza. Msomaji anayefikiri kwa Kiswahili hawezi kupita hivyo. Akitaka kulitaja tu jina la kitabu kwa lugha yake, lazima achague kitenzi, na kila kitenzi kina masharti yake.

Nilipokuwa nafundisha Kiingereza kidato cha pili, find lilikuwa somo la wiki nzima. Unaanza na amepata kazi bandarini. Unakwenda kwenye nimeokota shilingi mia tano barabarani. Halafu nilimkuta amelala, naona hesabu ni ngumu, wamegundua mtumbwi umetoboka, mahakama imemkuta na hatia, migebuka inapatikana Kibirizi. Sentensi zote hizo Mwingereza anazisema kwa kitenzi kimoja. Wanafunzi hucheka mwanzoni, wakidhani Kiingereza ni lugha maskini. Baadaye wanaanza kuwa na shaka, na mara nyingi yupo mmoja anayeuliza swali la maana: sasa mtu akisema amefind, tutajuaje alifanya nini?

Hatujui mpaka atueleze. Kupata kunataka haja iliyotangulia, au bahati, na kile kilichopatikana kinabaki mkononi mwa aliyekipata. Kuokota kunataka kitu kilichodondoka, ambacho mwenyewe hayupo pale. Kugundua kunataka jambo lililofichika. Kuvumbua kunadai zaidi, kwamba kabla yako hakuna aliyejua, na ndiyo maana mvumbuzi hupewa sanamu na jina la mtaa. Kukuta ndiko kwenye unyenyekevu kuliko vyote. Aliyekutwa alikuwepo tayari. Wewe ndiye uliyetembea.

Kuna jambo la kisarufi hapa ambalo naliona ni zito kuliko linavyoonekana. Ukisema nimempata, sentensi inaweza kuishia hapo, mtu yuko mkononi. Ukisema nimemkuta, msikilizaji bado anangoja. Ulimkuta anafanya nini? Ulimkuta amelala, anakula, anaumwa, ana wageni? Kukuta huacha nafasi ya kitenzi cha pili, na mwenye kitenzi hicho ni yule mwingine. Wenzetu wa Nairobi wanaweza kukwambia nilimpata amelala, na wanaelewana vizuri. Huku kwetu mwambao wa Tanganyika ukisema hivyo unaweza kuulizwa, kwani alikuwa amepotea?

Na hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza Stanley. Kwani Livingstone alikuwa amepotea?

Kiswahili cha mtaani kina matumizi ya kupotea ambayo yangefaa sana mwaka 1871. Rafiki hajaonekana miezi mitatu, unakutana naye sokoni, unamwambia umepotea sana siku hizi. Naye anajibu, nipo. Hakuna aliyemtafuta kwa tochi. Alipotea machoni pa anayesema, basi. Au chukua sauti ya simu inayokwambia namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mwenye namba yuko shambani, au kwenye ngalawa katikati ya ziwa, anajua fika yuko wapi. Asiyempata ni wewe unayepiga.

Livingstone alikuwa hapatikani kwa namna hiyo. Mwishoni mwa 1866 baadhi ya watu wake kutoka visiwa vya Komoro walirudi pwani na habari kwamba ameuawa. Mwaka 1867 Edward Young alitumwa Ziwa Nyasa kuchunguza, akarudi na jibu kwamba habari ile ni ya uongo. Machi 1869 Livingstone alifika Ujiji kwa mara ya kwanza, mgonjwa. Akiwa Ujiji aliandika barua. Bidhaa zake zilikuwa zikipelekwa Ujiji kwa misafara kutoka Unguja, ambako John Kirk alikuwa akishughulikia mambo ya Uingereza. Mtu ambaye vitambaa na shanga zake hupelekwa kwa anwani ya mji mmoja, hata kama mizigo inaibwa njiani, hajapotea kwa maana ya sindano kupotea mchangani. Amechelewa kujibu barua.

Ujiji nao haukuwa pori. Ulikuwa mji wa biashara, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mwanzo wa njia za majini kwenda Manyema. Pembe za ndovu zilipita hapo. Watu waliofungwa kamba shingoni walipita hapo pia. Mji wa aina hiyo huishi kwa habari. Nani ameingia, nani ametoka, ana mizigo mingapi, nani anamdai nani, hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha barazani. Mzungu mzee asiye na meno mengi, anayeandika kila siku, asingeweza kujificha Ujiji hata kama angetaka.

Sasa tufungue kitabu chenyewe. Stanley alitumwa na James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald. Aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Unyanyembe katikati ya mwaka, akanaswa na vita vya Waarabu wa Tabora na Mirambo, kisha akazunguka kwa kusini. Njia aliyoifuata mpaka Tabora ilikuwa imekanyagwa na misafara kwa miaka mingi. Mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akarudi Unguja, ambaye mwaka 1858 alikwishafika Ujiji pamoja na Burton na Speke. Kwa maneno mengine, katika msafara ule uliokwenda kumtafuta mtu Ujiji, alikuwamo mtu aliyeijua Ujiji miaka 13 kabla.

Siku chache kabla ya kufika, karibu na mto Malagarasi, Stanley anasimulia kwamba walikutana na msafara wa Waguha waliotoka upande wa Ujiji. Wakaulizwa habari. Wakasema kuna mzungu amefika Ujiji akitoka Manyema, mzee, mwenye nywele nyeupe usoni. Stanley anaifurahia habari hiyo kwa kurasa kadhaa, na ana haki. Lakini tuisome kama watu wanaosoma. Kuanzia hapo hatafuti tena, ameelekezwa. Kilichobaki ni kufika kabla mwenyeji hajaondoka. Hata sehemu ya mwisho kupitia Uha, aliyokatisha usiku ili akwepe kulipa hongo nyingine kwa watemi, aliongozwa na mwenyeji wa njia aliyelipwa kwa kazi hiyo.

Kisha inakuja asubuhi yenyewe, Novemba 10, 1871 kwa hesabu ya Stanley. Msafara unapiga bunduki ukiteremka kuelekea mjini. Wasomaji wa ng'ambo huona hapo shangwe za ushindi. Mtu wa huku anaona hodi. Msafara wowote wenye adabu ulifyatua bunduki ulipokaribia mji, ili wenyeji wajue wageni wamefika na wamekuja kwa wema. Watu wa Ujiji wakatoka kuwalaki, kama ilivyo desturi. Na katikati ya umati ule anatokea mtu anayemsalimia Stanley kwa Kiingereza. Ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone. Punde anatokea Chuma. Stanley anaandika hayo mwenyewe. Susi anathibitisha kwamba Daktari yupo, kisha anarudi mbio kumwambia Daktari kwamba mgeni amefika. Katika shajara ya Livingstone pia, anayekuja mbio na habari ni Susi.

Naona ajabu kwamba mtu aliyeandika ukurasa huo aliweza kuliweka jina lile juu ya jalada. Waguha walijua. Mji mzima ulijua. Susi alimfahamisha Stanley kuhusu Livingstone, na Livingstone kuhusu Stanley, huku hao wawili hawajaonana bado. Kama kuna mtu mmoja asubuhi ile aliyewapata wote wawili, ni Susi. Hakuandika kitabu.

Huku kwetu ukifika nyumbani kwa watu, baada ya hodi na karibu, unauliza: sijui nimemkuta mzee? Ukiwa na bahati unajibiwa, umemkuta. Ukichelewa unaambiwa, hujamkuta, ametoka sasa hivi. Sijaona lugha nyingine inayoiweka safari ndefu mahali pake kwa ustaarabu kama huo. Hata kama umetembea kutoka Bagamoyo, ukifika mlangoni swali lako linamhusu mwenyeji kama yupo. Livingstone hakuwa amemaliza hata mwezi tangu arudi kutoka Manyema. Stanley angefika mapema zaidi asingemkuta. Alimkuta.

Nafahamu kwamba si mimi wa kwanza kukigeuza kitenzi hiki. Mei 1872, habari zilipoanza kufika London, Sir Henry Rawlinson, rais wa Royal Geographical Society, alisema hadharani kwamba kama kuna aliyegunduliwa na kusaidiwa, basi ni Stanley aliyegunduliwa na kusaidiwa na Livingstone. Wako wanaoipenda kauli hiyo kwa sababu inamshusha Stanley. Mimi siipendi. Rawlinson alikuwa anagombania utukufu wa chama chake, ambacho kilikuwa kimetuma msafara wake wa msaada ukachelewa. Aligeuza mtendaji na mtendwa, akakiacha kitenzi kilekile. Katika sentensi yake, kama katika jina la kitabu, bado kuna wanaume wawili tu barani Afrika, mmoja amempata mwingine. Mwaka uliofuata chama hicho kilimpa Stanley medali ya dhahabu, ugomvi ukaisha, kitenzi kikabaki.

Jiwe la Ujiji lina busara kuliko pande zote mbili. Ukitoka Kigoma mjini kwa daladala, ukapita Mwanga, unafika Ujiji, na kuelekea ziwani kuna uwanja wenye miembe miwili inayosemekana ilitokana na ule wa zamani. Ziwa lenyewe limerudi nyuma, halionekani karibu kama lilivyokuwa. Kuna makumbusho yenye sanamu za wale wawili wakivuliana kofia. Na kuna mnara wa mawe wenye kibao kinachosema, kwa Kiingereza, kwamba mahali hapa, chini ya mwembe uliokuwepo wakati ule, Stanley alikutana na Livingstone. Aliyekiandika kibao hicho hakusema alimpata. Alisema walikutana.

Kwa Kiingereza hivyo ni vitenzi viwili visivyojuana. Kwa Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Kukutana ni kukuta kulikoongezwa ile -ana ya kutendeana, kama kupenda na kupendana. Wanaokutana ni watu wawili ambao kila mmoja amemkuta mwenzake. Huwezi kukutana na mtu halafu ukadai kazi yote uliifanya peke yako, sarufi haikuruhusu. Kibao kile, hata kama mwandishi wake hakukusudia, kinatafsirika kwa Kiswahili bila kupoteza kitu. Jina la kitabu halitafsiriki mpaka ubishane nalo.

Wiki mbili baada ya siku ile, wale wawili walikuwa kaskazini ya ziwa kwa mtumbwi. Kule Mugere, kusini mwa Bujumbura, kuna jiwe lenye majina yao na tarehe ya Novemba 25, 1871, na wapo wanaowaambia wageni kwamba pale ndipo walipokutana. Jiwe linasema kweli kuhusu safari, wasimulizi ndio wanaoliongezea. Walikwenda kutazama mto Rusizi, kwa kuwa wasomi wa Ulaya walikuwa wanabishana kama unatoka ziwani kwenda kuwa Nile au unaingia ziwani. Waliona unaingia. Vitabu vya Kiingereza vinasema hapo tena found, safari hii kwa maana ya kugundua jambo. Lakini Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walikwishaambiwa na wenyeji kwamba maji yanaingia. Hapakuwa na kilichofichika. Kitenzi chetu cha tendo hilo ni kujionea. Ni kitenzi cha heshima, sioni kwa nini mtu akionee haya: uliambiwa, hukuridhika, ukaenda ukajionea, ukarudi na ushahidi. Sayansi nyingi nzuri ni kujionea. Lakini kujionea kunakubali kwamba ulianza kwa kuambiwa.

Sitaki msomaji adhani kila find ni wizi. Ipo kazi moja inayomhusu Livingstone ambayo ningeiita kugundua bila kusita. Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, karatasi ilimwishia, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino aliotengeneza mwenyewe kwa mimea. Wino ukafifia, maandishi ya gazeti yakashinda, kurasa hazikusomeka kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilitoa kurasa hizo zikiwa zimesomwa, baada ya kuzipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali mpaka wino ukajitenga na gazeti. Hapo palikuwa na jambo lililofichika, na hakuna barazani Ujiji wala London aliyejua maneno yaliyokuwa pale. Kitenzi kimelipiwa.

Na mkoa huu una watu ambao kwao kupata kuna uzito ambao Stanley hakuujua. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ipo tangu 1996, Wakongo walipovuka ziwa kukimbia vita. Kazi mojawapo ya Msalaba Mwekundu katika kambi za namna hiyo ni kuwatafutia watu ndugu zao. Kiswahili cha watu waliokimbia kina neno kwa hali yao, wamepotezana. Ile -ana tena. Mama hajui mtoto alipo, mtoto hajui mama alipo, kila mmoja amempoteza mwenzake kwa mkupuo mmoja. Siku jibu likija, linasemwa kwa neno moja, amepatikana. Hapo masharti yote ya kupata yametimia: mtu alipotea kweli, kuna aliyekuwa na haja naye, na akishapatikana anarudi mikononi mwa waliompoteza. Hakuna anayeuliza ni mfanyakazi gani aliyempata ili jina lake liandikwe. Nikikitazama kitabu cha Stanley kutokea kambi hiyo, naona jinsi kilivyoazima neno la watu wenye msiba kwa jambo lisilokuwa msiba.

Hata hivyo kuna njia moja ambayo kwayo jina la kitabu ni la kweli kabisa, na mhakiki mwenye haki lazima aiseme. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti. Bennett hakumtuma kumtafuta babu aliyepotea, alimtuma kutafuta habari. Mwandishi akirudi ofisini huulizwa kama amepata habari, na Stanley aliipata, kubwa kuliko zote za mwaka ule. Ukilisoma neno Livingstone katika jina hilo kama kichwa cha habari badala ya mtu, found ni kupata, na kupata ni halali. Kilibaki mkononi mwake kama sharti linavyotaka: kitabu, fedha, medali, safari zilizofuata. Livingstone mtu alibaki Afrika.

Tena Livingstone naye alipata. Alipofika Ujiji kutoka Manyema alikuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Hakuwa na cha kununulia chakula wala cha kulipia wapagazi. Stanley alimletea barua, dawa, nguo na vitu vya kula, na yote mawili, kitabu na shajara, yanakubali kwamba nguvu zilimrudia mzee. Walikaa pamoja mpaka Machi 1872. Kama Livingstone angeandika kitabu cha miezi ile kwa Kiswahili, angeweza kukiita Nilivyopata Mgeni, na hakuna ambaye angemcheka, maana mgeni njoo, mwenyeji apone.

Turudi basi kwenye kazi ya mtafsiri. Kama ningeombwa kukiweka kitabu hiki katika Kiswahili, jalada ningeliandika Jinsi Nilivyomkuta Livingstone, na nisingebadilisha mengine. Najua msomaji angesema jina limepoa. Ndiyo, limepoa, na sentensi haijaisha. Alimkuta anafanya nini?

Jibu la swali hilo ndilo kitenzi cha Kiingereza kilichokuwa kimelifunika. Alimkuta mzee mgonjwa anayengoja mizigo. Na alimkuta ana ushahidi. Julai 15, 1871, sokoni Nyangwe, Livingstone aliwaona watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza, mamia wakafa, wengi majini. Ndiyo habari aliyoiandika juu ya gazeti kuukuu, na ndiyo iliyomrudisha Ujiji akiwa amevunjika moyo. Stanley aliondoka na barua na shajara za mzee. Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza iliongeza shinikizo lililozaa mkataba wa Juni 5, 1873, ambao Sultani Barghash alitia sahihi na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa watu wa mwambao huu, ambao njia yao kuu ilikuwa ya pembe na ya watumwa, hilo ndilo lililokuwa kubwa katika asubuhi ile ya Ujiji: mtu mwenye ushahidi alikutana na mtu mwenye njia ya kuupeleka.

Livingstone alikufa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliubeba mwili wake karibu miezi tisa mpaka Bagamoyo, pamoja na maandishi yake. Walijua wapi pa kumpeleka, na walimfikisha. Kitenzi cha walichokifanya ni kufikisha, na mpaka leo sijaona jalada la kitabu maarufu lililokitumia.